Arosto Ni Juma Moja Tu: Kuyafahamu Maradhi ya Uraibu Majumbani Mwetu

Ilikuwa Mfungo Mosi, Idi haijatimiza juma, mama mmoja wa Parklands, Nairobi, alipotukaribisha nyumbani kwake ili atusimulie yaliyomfika. Ni mtu wa Mombasa kwa asili, mzaliwa wa Kibokoni, aliyeolewa Nairobi miaka 25 iliyopita, na hadi leo maneno yake yana ladha ya Mji wa Kale. Jina lake tumelisitiri kwa ombi lake, na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha tumeyaacha. Alitutengea kahawa, akatukatia halua iliyobaki ya Idi, kisha kabla hatujauliza lolote akatuongoza hadi kwenye mlango wa chumba cha mwanawe. Kwa nje, juu kidogo ya kitasa, palikuwa na matundu manne ya misumari.

"Hapa ndipo palipokuwa na komeo," akasema.

Mwaka uliotangulia, katika mwezi wa Mlisho, yeye na mumewe na shemeji yake walimfungia kijana wao ndani ya chumba hicho kwa siku 10. Kijana alikuwa na umri wa miaka 23, mwanafunzi wa chuo kimoja cha katikati ya jiji, na kwa muda wa mwaka mmoja na nusu alikuwa akivuta unga, yaani heroini, bila ya wazazi wake kujua. Walipojua walifanya lile ambalo familia nyingi zetu zingelifanya. Walimnyang'anya simu, wakatia komeo, wakagawana zamu za kukaa mlangoni. Arosto ikamshika usiku ule ule: jasho, miayo isiyokoma, kutapika, kuharisha, mifupa kumuuma kana kwamba inavunjwa. Siku ya tatu aliwaomba wamfungulie kwa maneno ambayo mamake hakutaka kutukariria. Siku ya tano alikunywa uji. Siku ya 10 komeo likafunguliwa, akatoka amekonda lakini macho yake meupe, akaoga, akaswali na babake.

"Tulisoma Yasini, tukapika pilau, tukatoa sadaka," mama alisema. "Mimi nilijua ashapona."

Ramadhani ikaingia. Kijana akafunga, akasimama tarawehe. Katika kumi la mwisho, baada ya futari, alikutwa bafuni amelala sakafuni, bomba la maji likiwa wazi, midomo imegeuka rangi ya samawati. Alikuwa amevuta kiasi kile kile alichokuwa amezoea kabla ya kufungiwa. Aliyemwokoa, baada ya Mwenyezi Mungu, ni jirani wa ghorofa ya juu ambaye ni muuguzi. Alimpulizia pumzi kinywani kwa muda wote waliokuwa wakimteremsha ngazi na kumpakia garini hadi hospitali.

Mama huyu hakulia alipokuwa akitusimulia hayo. Alilia alipofika kwenye maneno ya daktari siku ya pili. Daktari alimweleza kwamba zile siku 10 na majuma yaliyofuata ziliusahaulisha mwili wa mwanawe mazoea ya unga. Kiasi ambacho zamani kilimwondolea arosto tu, sasa kilitosha kumzima pumzi. Hakuna aliyemwonya kijana, kwa kuwa hakuna nyumbani aliyekuwa akilijua jambo hilo.

Tumeianza makala hii na kisa hicho kwa sababu makosa yaliyomo hayakutokana na ukosefu wa mapenzi. Watu watatu walikesha siku 10 mlangoni. Kilichokosekana ni kuyafahamu maradhi yenyewe: kwamba arosto ni sehemu fupi mno ya uraibu, nayo ndiyo familia huimalizia nguvu zake zote, fedha zake zote na dua zake zote, kisha hupumua na kusema mambo yamekwisha.

Mwili uliozoea na moyo uliotekwa

Unga ukishaingia mwilini hukamata sehemu za ubongo zinazotuliza maumivu na kuleta raha. Ubongo, kwa maumbile yake, hupenda mizani. Ukimiminiwa raha ya kuletwa kutoka nje kila siku, hupunguza ile iliyo yake. Hapo ndipo mtu anapohitaji kiasi kikubwa zaidi ili apate hali ile ile, na hatimaye huhitaji unga ili awe mzima tu kama watu wengine. Akiukosa, baada ya saa 8 hadi 12 arosto huanza. Hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, na kwa kawaida hupungua ndani ya juma moja. Hayo ni mazoea ya mwili, na mwili husahau upesi.

Uraibu ni jambo jingine lililo juu ya hayo. Ni ile hamu inayobaki baada ya mwili kusafika. Ni ubongo uliojifunza kwamba kila dhiki, kila upweke, kila furaha hata, dawa yake ni moja. Njia ya kwenda chuoni, harufu fulani, rafiki fulani, noti ya shilingi 200 mkononi, vyote vinaweza kuiamsha hamu hiyo miezi au miaka baada ya mtu kuacha. Sehemu ya ubongo inayotuwezesha kujizuia na kupima matokeo ndiyo inayochelewa kukomaa, hukomaa katikati ya miaka ya ishirini, na ndiyo inayodhoofishwa zaidi na mihadarati. Kijana aliyeanza akiwa na miaka 16 hajapewa bado breki alizopewa babake, na hizo chache alizonazo zinaliwa.

Watu watauliza: mbona wengine hujaribu na kuacha? Wataalamu wanakadiria kwamba karibu nusu ya hatari ya mtu kupata uraibu hutokana na urithi wa damu, kama ilivyo kwa sukari na presha. Nusu nyingine imo katika umri alioanza, majonzi aliyoyapitia, marafiki, na wepesi wa kuyapata madhara yenyewe. Ndugu wawili hulelewa chumba kimoja kwa sheria moja, mmoja akaonja akatema, mwingine akaonja akapotea. Wazazi wao huulizana usiku wamekosa wapi, na pengine hawakukosa popote.

Mfano wa sukari na presha si wetu. Mwaka 2000, A. Thomas McLellan na wenzake watatu walichapisha katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani makala iliyolinganisha uraibu na kisukari, shinikizo la damu na pumu. Walionyesha kwamba wagonjwa wa maradhi hayo yote hurudi nyuma kwa kiasi kinachokaribiana. Takriban nusu ya waraibu waliotibiwa hurudia, na wagonjwa wa presha ambao maradhi huwarudia wakahitaji matibabu tena hawapungui idadi hiyo. Tofauti imo katika mapokezi. Bibi mwenye presha akilazwa mara ya tatu tunampelekea matunda, ilhali kijana akirudia unga mara ya tatu tunamtolea nguo zake nje.

Majina nayo yana kazi yake. Shirika la Afya Duniani lilianza kulikimbia neno la zamani la uraibu mwaka 1964, likachagua kusema utegemezi. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kilipotoa toleo la tano la kitabu chake cha kupimia maradhi, kilifuta mgawanyo wa zamani baina ya mtumiaji mbaya na mtegemezi, kikaweka maradhi mamoja yenye daraja. Dalili ni 11. Mtu akiwa na mbili au tatu ndani ya miezi 12 ana maradhi mepesi; nne au tano, ya wastani; sita na kuendelea, makali. Tunaupenda mpango huo kwa sababu unaipa familia mlango wa mapema. Haimlazimu mtu afike kulala chini ya daraja ndipo ahesabike mgonjwa.

Dalili zenyewe hazihitaji darubini, na mama mwenye jicho nyumbani ataziona kabla ya daktari. Mtu hutumia zaidi ya alivyokusudia. Hutaka kupunguza akashindwa. Siku zake nyingi huishia katika kutafuta, kutumia na kuzinduka. Hupata hamu kali inayomkosesha utulivu. Kazi, masomo na wajibu wa nyumbani huanguka. Huendelea japo anagombana na watu wake kwa sababu hiyo, na huacha yale aliyokuwa akiyapenda, awe mpiga mpira au msomaji wa kasida. Hutumia mahali pa hatari, kama mwenye kuendesha gari. Huendelea ijapokuwa ameshaambiwa kuwa yanamdhuru mwili au akili. Mbili za mwisho ni za mwili: kuhitaji kiasi kikubwa zaidi, na kupata arosto akikosa. Hizi mbili hazihesabiwi kwa mgonjwa anayetumia dawa kama alivyoandikiwa na daktari wake. Wasomaji walishike jambo hilo, tutalihitaji mbele.

Unga ulipoadimika

Sisi watu wa Pwani hatukuwa na haja ya kufundishwa na kitabu kwamba kukosa si kupona. Tulikwisha kuliona kwa macho. Mwisho wa mwaka 2010 hadi miezi ya mwanzo ya 2011 unga uliadimika Pwani ya Kenya. Maskani zikajaa vijana wanaogaagaa kwa arosto. Wazee wengine walishukuru wakidhani balaa limeondoka. Wapo waliotafuta msaada wakati huo na wapo walioacha. Lakini wapo pia waliohamia kwenye pombe, bangi na tembe za usingizi, na unga uliporudi, wengi walirudi nao. Komeo lile lilikuwa la mji mzima, nalo halikutibu.

Yaliyobadilika tangu hapo ni kwamba dawa imepatikana karibu. Tanzania ilifungua kliniki ya methadoni katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011. Kenya ilifuata mwishoni mwa 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, kisha Malindi mwaka 2015, na baadaye Ngara, mwendo mfupi kutoka katikati ya jiji la Nairobi, na kwengineko Pwani. Watu wetu wengi wa Parklands na Westlands hupita Ngara kila siku wakishuka mjini na hawajui kwamba huduma hiyo ipo pale, tena katika kituo cha afya cha umma.

Methadoni hunywewa kwa kikombe mara moja kwa siku, mbele ya mhudumu. Huingia pale pale katika ubongo ambapo unga huingia, lakini huingia polepole na kukaa muda mrefu, hivyo haileti ule mpando na mporomoko unaomtumikisha mraibu. Arosto haiji, hamu hupungua, na mtu anaweza kwenda kazini au darasani. Hupewa kwa miezi mingi, mara nyingi kwa miaka, na hupunguzwa kidogo kidogo mgonjwa na daktari wakikubaliana. Asiyekuwa mraibu wa unga au wa jamii yake haimfai. Mlevi wa pombe na mtafunaji wa muguka wana matibabu yao mengine.

Hapa ndipo wazee hutushika kanzu. Je, huko si kutoka ulevi mmoja na kuingia mwingine? Swali ni la haki na halistahili kupuuzwa. Jibu letu ni kuirudia ile nukta ya dalili 11. Kijana wa Parklands leo akikosa dozi yake atapata arosto. Kwa hiyo mwili wake umezoea. Lakini haibi, hasemi uongo, halewi, haachi masomo, hahatarishi maisha ya mtu. Hiyo ndiyo hali ya mgonjwa anayekunywa dawa. Mwenye sukari naye akikosa sindano yake huanguka, wala hatumwiti mlevi wa insulini. Mamake alikwenda kwa sheikh na kwa daktari wake kabla ya mwezi kuandama, na wote wawili walimwambia kijana asiiache ratiba ya dawa, kwani mgonjwa ana ruhusa yake. Kila mmoja na amuulize sheikh anayemwamini, lakini amuulize akiwa na maelezo ya daktari mkononi, si kwa habari za barazani.

Mambo ambayo komeo huyaficha

Tungependa kusema bila ya kupinda: kumfungia mtu nyumbani ili aache ghafla kunaweza kumwua. Kwa unga, arosto yenyewe ni mateso makubwa lakini mtu mzima mwenye afya na maji mwilini mara nyingi huivuka. Hatari kubwa huja baadaye, kama ilivyomfika kijana wetu. Kwa pombe na kwa tembe za usingizi au za kutuliza wasiwasi, mambo ni kinyume. Hapo kuacha ghafla kwenyewe ndiko kunakoua. Mlevi wa kila siku anaweza kupata kifafa ndani ya siku mbili za mwanzo, na baina ya siku ya pili na ya nne anaweza kuweweseka, kuona visivyokuwepo, moyo kwenda mbio na homa kumpanda. Huyo si wa kusomewa kisomo peke yake na kufungiwa. Ni wa hospitali, siku hiyo hiyo. Kisomo kitamkuta huko na kitamfaa.

Na tembe hizo zinatuhusu akina mama zaidi ya tunavyokubali. Uraibu tunaupa sura ya kijana mwanamume aliyechakaa. Hatuupi sura ya mwanamke mwenye buibui safi, aliyefiwa na mume, akaandikiwa tembe za usingizi za majuma mawili, naye huu ni mwaka wa nne angali akizinunua katika duka la dawa ambako wanamjua. Aliyeanza na nusu tembe sasa anameza mbili. Akikosa, mikono hutetemeka na usingizi haumjii. Hajioni mraibu kwa sababu hajaenda maskani, hajapewa kete, na dawa yake ina karatasi. Anayejitambua katika maneno haya asizitupe tembe leo. Amwendee daktari, amweleze kweli idadi anayomeza, apunguziwe kwa hatua. Vivyo hivyo mjamzito anayetumia unga: asiache kwa ghafla, kwani arosto ina hatari kwa aliyemo tumboni, methadoni hutumika katika ujauzito chini ya uangalizi.

Mwanamke mwenye maradhi haya ana mizigo miwili ambayo mwanamume hana. Kwanza, atawaacha watoto na nani akilazwa? Pili, mwanamume akipona huitwa aliyetubu na huozwa; mwanamke akipona bado hutajwa kwa jina la zamani. Ndiyo maana wao huja hospitalini wakiwa wamechelewa, na wengi hawaji kabisa.

Ukubwa wa jambo lenyewe si wa kuficha. Utafiti wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na pombe na mihadarati, ulionyesha kwamba mtu 1 katika kila 6 wa umri wa miaka 15 hadi 65 nchini Kenya hutumia angalau kileo kimoja, ikihesabiwa pombe, tumbaku, miraa, bangi na mengineyo. Si wote wana maradhi. Kutumia ni jambo moja, na maradhi ni jingine, ijapokuwa dini yetu haingoji maradhi ndipo ikataze. Shisha ilipigwa marufuku Kenya mwezi wa Desemba 2017, na mpita njia wa Westlands usiku wa Ijumaa atajionea mwenyewe kama inaheshimiwa. Muguka uliitikisa Pwani mwaka 2024 magavana walipoupiga marufuku na mahakama ikaizuia amri hiyo. Tunayataja kwa kupita tu. Sheria za mji zina umuhimu wake, lakini hakuna gavana atakayekaa na mtoto wako saa nane za usiku.

Ama Sheria ya Afya ya Akili, hiyo ina manufaa ya moja kwa moja. Marekebisho yake ya mwaka 2022 yalimhesabu mtu aliyepimwa akaonekana na maradhi ya utumizi wa pombe au mihadarati kuwa miongoni mwa wagonjwa wa akili, mwenye haki ya kutibiwa na kuheshimiwa. Mzazi akiambiwa mapokezini kwamba hapa hatutibu wahuni, na ajue kuwa sheria haisemi hivyo.

Sitara na kuficha

Tulimuuliza mama wa Parklands ni kwa nini hakumwendea daktari tangu mwanzo, naye anaishi kilomita chache kutoka hospitali kadhaa. Akasema, "Niliogopa watu. Nilisema nimsitiri mwanangu."

Sitara ni jambo tukufu kwetu, na hatutaki mtu aitupe. Lakini kumsitiri mtu ni kumfunika asionekane na wasiohusika. Kumfunika asionekane na daktari ni jambo jingine kabisa. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kutoka kwa Sayyidna Umar (r.a.) habari ya mtu aliyeletwa mbele ya Mtume (s.a.w.) mara kwa mara kwa kunywa pombe, naye alikuwa mtu wa kumchekesha Mtume. Alipoletwa tena, mmoja wa waliohudhuria akamlaani kwa wingi wa kuletwa kwake. Mtume akakataza asilaaniwe, na akashuhudia kwamba mtu yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Adhabu haikufutwa, na pombe haikuhalalishwa. Lakini yule mtu alibaki kuwa wa jamaa. Tukipima baadhi ya vikao vyetu vya familia kwa kisa hicho, tutaona haya.

Kwa hiyo, nyumba ambayo jambo hili limeingia ifanye nini? Ipige simu 1192, nambari ya NACADA isiyolipiwa, kwa ushauri wa mwanzo. Impeleke mgonjwa akapimwe kabla ya kuachishwa chochote. Kama ni unga, iulize Ngara au Mathari namna ya kusajiliwa. Kwa kawaida mgonjwa hupitia kwanza kwa shirika la kijamii linalomwandaa, na siku za kungoja zina uzito wake. Ikichagua nyumba ya kurekebishia tabia, na ziko nyingi kuanzia Westlands hadi ng'ambo ya Kangemi, bei zikitofautiana mno, iulize leseni ya NACADA, iulize daktari ni nani na huja siku ngapi, iulize pia kama mgonjwa hupigwa au kufungwa minyororo. Mahali panapoahidi tiba kamili kwa siku 90 na hapana neno juu ya siku ya 91, tungepapita.

Na siku atakaporudi, akiwa ametoka nyumba hiyo, au rumande, au kwa mjomba Lamu alikopelekwa abadilishe hewa, aambiwe waziwazi: mwili wako haukijui tena kile kiasi cha zamani. Haya si kumruhusu. Ni kumpa nafasi ya kuishi hadi atakapoacha tena. Mkimkuta hazinduki, pumzi chache zenye mkoromo, midomo ya samawati au ya kijivu, mboni za macho ndogo kama ncha ya sindano, piteni mbio. Maji baridi, maziwa, ndimu, hakuna hata kimoja kinachomrudisha. Akiwa anapumua alazwe ubavu asipaliwe na matapishi. Akiwa hapumui apuliziwe pumzi, huku mwingine akitafuta gari au gari la wagonjwa. Hospitalini ipo sindano iitwayo naloksoni inayoung'oa unga mahali ulipokamata ubongo. Waambieni madaktari ukweli wa alichotumia, wasipoteze dakika kubahatisha. Wala asiachwe peke yake baada ya kuzinduka, kwani nguvu ya sindano hiyo inaweza kwisha kabla ya nguvu ya unga.

Kijana wa Parklands yuko katika mwezi wa 11 wa methadoni. Asubuhi huteremka Ngara kwa matatu, hunywa dawa yake, kisha huendelea hadi chuoni. Amerudia unga mara mbili katika kipindi hicho, na mara zote mbili alimwambia mamake mwenyewe kabla jua halijazama. Babake ilimchukua muda kuelewa kwamba kuambiwa huko ndiko kulikokuwa maendeleo.

Tulipokuwa tukiaga aliingia, mrefu, vitabu kwapani, akatuamkia masalkheri na kumbusu mamake mkono. Mama alikuwa na simu sikioni. Alikuwa akizungumza na dadake aliye Mombasa, ambaye kwa muda wa mwaka mzima aliambiwa kwamba kijana ana shughuli za masomo ndiyo maana haendi Pwani. Siku ya Idi mosi alimweleza yote. Dada alinyamaza, simu ikawa kama imekatika. Kisha akasema kwamba binti yake mkubwa anameza tembe za usingizi tangu alipoachika, nao wa nyumbani walikuwa wameazimia kumfungia zisimfikie.

Binti huyo anapanda gari la moshi Jumatatu kuja Nairobi. Mama na dadake wamekubaliana aje na tembe zake mkobani, aendelee kuzimeza kama kawaida hadi daktari amwone.